Jumatano, saa kumi na mbili na nusu

Jumatano ya tatu tangu tuanze kikundi chetu cha kuongea Kiingereza hapa Ujerumani, niliwaacha watu wazima watano wamesimama nje kwenye baridi ya Novemba kwa karibu saa nzima, na chanzo kilikuwa neno moja: nusu. Nilikuwa nimewatumia ujumbe kwa Kiingereza kwamba wiki ile tukutane "half seven", kama nilivyozoea kuwasikia Waingereza niliowahi kufanya nao kazi. Mwingereza akisema hivyo anamaanisha saba yao imepita kwa nusu saa, yaani kwetu saa moja na nusu. Mjerumani naye ana "halb sieben" yake, maneno ni yale yale, ila yeye anahesabu nusu ya kuiendea saba. Kwake hiyo ni saa kumi na mbili na nusu. Nilifika na funguo mkononi nikidhani nimewahi, nikawakuta wamejikunyata chini ya taa ya mlangoni, Bibi, jirani yangu, akiwa amezamisha viganja vyake ndani ya mikono ya koti.

Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Lakini jioni ile ndiyo iliyofungua kikundi. Wiki mbili za mwanzo nilikuja na maswali niliyoyaandaa nyumbani. Nauliza, mmoja anajibu kwa sentensi moja, kisha kimya kinatanda na watu wanatazama vikombe. Siku ile kila mmoja alikuwa na la kusema. Mzee, aliyekuwa kondakta wa treni, alichora saa mbili kwenye karatasi, ya Kijerumani na ya Kiingereza, akanisogezea kalamu. Nikachora ya tatu, ya kwetu, nikawaeleza kwamba Mswahili haanzi kuhesabu saa usiku wa manane: jua linachomoza, saa moja ikipita, basi ni saa moja asubuhi. Wakataka kujua mtu anapandaje ndege, tiketi inasomwaje, mama yangu kule Tanga anaelewanaje na daktari akipangiwa miadi. Waliuliza kwa Kiingereza kilichopinda, wakikatizana, wakiazimana maneno. Nilipotazama ukutani muda wetu ulikuwa umekwisha zamani.

Tuko Leipzig, mashariki ya Ujerumani. Nilikuja hapa 2013 kusoma, nikapata kazi ya maabara, nikabaki. Kikundi hakikuanza kwa tangazo. Kilianzia kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mstaafu aliyeshona maisha yake yote kiwandani, ambaye jioni moja alinigongea mlango akiwa na kadi ya siku ya kuzaliwa. Bintiye ameolewa Ireland, na mjukuu wake wa kiume, wakati huo wa miaka mitatu, anaelewa Kijerumani kidogo lakini hajibu ila kwa Kiingereza. Ndani ya kadi kulikuwa na mchoro wa mtoto na maneno "a gift for Granny". Jirani yangu alikuwa amekaa na kadi ile mchana kutwa. Alijua kwamba haiwezi kumaanisha hivyo, lakini kwa Kijerumani "Gift" ni sumu, na jicho lake lilikuwa linasoma sumu kila alipoifungua. Nilipomwambia kwamba Waingereza wanaita hivyo zawadi, alikaa kwenye kiti cha jikoni kwangu akasema, kwa Kijerumani, kwamba hataki kufa akiwa hajawahi kuongea na mtoto huyo.

Mtu anayewajua Wajerumani wa siku hizi tu, vijana wanaosema Kiingereza kama maji, atashangaa. Watu wa umri wa jirani yangu, upande huu, walisoma Kirusi. Katika Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti iliyokuwa mshirika wa Muungano wa Kisovieti, Kirusi kilikuwa cha lazima kuanzia darasa la tano; Kiingereza, kwa aliyekipata, kilikuja baadaye kama lugha ya pili ya kigeni, na wengi hawakuwa na wa kuongea naye. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1989, nchi zikaungana Oktoba 1990, na baada ya hapo Kiingereza kikaingia kila mahali bila kubisha hodi: kwenye vibao vya stesheni, madirishani mwa maduka, kwenye masharti ya kazi. Mtu wa miaka arobaini na kitu, fundi wa kutegemewa, akajikuta hasomi vizuri mji wake mwenyewe. Hilo halikunigusa mpaka nilipokaa nao meza moja. Wanalisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema ana deni.

Nilimwambia jirani yangu kwamba mimi si mwalimu wa Kiingereza, na kwamba Kiingereza si lugha yangu. Akasema, vizuri, basi hutanicheka. Kauli hiyo niliielewa kuliko alivyodhani.

Shule ya msingi nilisoma Tanga kwa Kiswahili, na nilikuwa mwepesi darasani. Kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza kwa asubuhi moja: historia, biolojia, hata matangazo ya paredi. Aliyekutwa anasema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake aliyeteleza. Mimi nilikaa nacho siku mbili mfululizo kwa sababu sikuwa na moyo wa kumvizia mtu. Mwaka ule nilijifunza kunyamaza. Nilikaa nyuma, nikawa nakariri maandishi bila kufungua mdomo, na wenzangu waliokuwa wananiuliza hesabu darasa la saba waliamini nimekuwa mjinga. Kiingereza chenyewe kilinijia miaka mingi baadaye, kazini, kwa watu waliokuwa na haja ya kujua ninachotaka kusema.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo angejua la kufanya tangu siku ya kwanza. Sikujua.

Jirani alimleta rafiki yake, rafiki akamleta kaka yake aliyekuwa kondakta wa treni, na kabla ya Krismasi tulikuwa saba. Mwanzo tulikaa mkahawani, kama Wajerumani wanavyopenda: meza moja, siku moja, watu wale wale. Haikufaa. Mashine ya kahawa inanguruma, vikombe vinagongana, na masikio ya miaka sabini yanayohangaika na lugha ngeni hayawezi kushindana na kelele. Parokia moja ya jirani ikatuazima chumba nyuma ya ukumbi wake, chenye meza ndefu na birika la umeme. Tukaweka kopo la chai, kila mtu euro moja. Kopo lile lilikuwa muhimu kuliko nilivyodhani. Nilipowaambia mara ya kwanza kwamba hakuna ada, walinitazama kwa wasiwasi, kana kwamba nimeficha jambo. Euro ilipoanza kulia kwenye kopo, mabega yakashuka.

Suala la majina lilichukua jioni nzima. Kijerumani kina "Sie" kwa mtu unayemheshimu na "du" kwa mtu wa karibu, na majirani wanaweza kuishi ngazi moja miaka thelathini wakiitana kwa "Sie" na majina ya ukoo. Kiingereza kina "you" moja tu. Je, tukiongea Kiingereza tuitane majina ya kwanza? Walijadili kwa uzito, nami nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa na shida yangu: kumwita mama wa miaka sabini na minane kwa jina lake tupu, mimi niliyelelewa kwa shikamoo, ulimi ulikataa. Mwishowe wakakubaliana waitane majina ya kwanza mpaka saa mbili usiku. Mimi nikaomba ruhusa niwaite kama tunavyoitana kwetu. Ndipo jirani yangu akawa Bibi, kondakta akawa Mzee, mama aliyekuwa akifundisha Kirusi akawa Mwalimu. Walilipenda jambo hilo, na wenyewe kwa wenyewe wakaanza kuitana hivyo. Lakini saa mbili ikifika, makoti yakivaliwa, narudi kusikia "Sie" na majina ya ukoo wakishuka ngazi. Niliona ni jambo la kusikitisha kwa miezi kadhaa. Siku hizi naona lina maana yake: ndani ya chumba kile walikuwa na ruhusa ya kuwa watu wengine kwa saa moja na nusu.

Sasa kosa langu. Mwezi wa pili, Bibi alijitosa kusimulia kisa kirefu, cha kwanza. Alitaka kusema kwamba mjukuu wake atapata baiskeli kutoka kwake. Kijerumani cha kupata ni "bekommen", naye akasema "he becomes a bicycle from me". Nikamkatiza: si "become", ni "get". Akaanza upya, akasema "he get". Nikasema "gets". Akaanza tena, akafika kwenye rangi ya baiskeli, nikamrekebisha na hapo. Wenzake walikuwa wanatikisa kichwa kwa kukubali, wakiandika. Mimi nilijiona nafanya kazi. Bibi akasema kwa Kijerumani, "Basi, haidhuru," akafunga pochi yake.

Uso ule niliujua. Ulikuwa uso wangu nikiwa na kibao shingoni.

Hakuja wiki iliyofuata, wala ya pili. Tulikuwa tunakutana ngazini, ananisalimu vizuri, anapita. Wiki ya tatu nilimpelekea mahamri, nikakaa jikoni kwake, nikamwambia habari za kibao. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote Ujerumani. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza ni nani aliyenivua. Nikamwambia hakuna, muhula uliisha. Akarudi Jumatano.

Tangu hapo nina karatasi mbele yangu na sikatizi mtu. Anayesema anasema mpaka afike anakokwenda, hata akizungukia Mombasa kwenda Korogwe. Nikisikia makosa ninayaandika, na robo saa ya mwisho nachagua matatu ya meza nzima, bila kutaja nani kayafanya. Matatu tu. Mwanzoni nilikuwa na orodha ya ishirini na kitu na mkono ulikuwa unaniwasha. Lakini mtu harudi nyumbani na makosa ishirini; anarudi na aibu moja kubwa. Matatu anayabeba. Na anayesema akikwama, hakuna anayemrushia neno mpaka yeye mwenyewe aliombe. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kumtazama mtu anayelitafuta neno ni kama kumtazama mzee anayetafuta chenji dukani; mkono unataka kusaidia. Nilijifunza kutazama chai yangu. Mara nyingi neno linakuja, na likija lenyewe halipotei tena.

Makosa niliyoyaona yakijirudia yalinifundisha Kijerumani kuliko darasa lolote. Neno "eventuell" kwao ni labda. "Eventually" kwa Mwingereza ni hatimaye, yaani lazima litatokea. Tulikuwa na mhandisi mmoja, kijana kuliko wengine, anayeandika barua pepe za Kiingereza vizuri kabisa lakini kwenye mikutano hasemi. Aliwahi kuwaambia wenzake wa ng'ambo kwamba pampu itabadilishwa "eventually". Yeye alikuwa anasema labda tutabadilisha. Wao wakakaa wakisubiri pampu. Akatusimulia kwa uchungu mtupu, na Mzee akamwambia kwa Kiingereza polepole, "Now you say 'maybe'. Is a good word. Short." Kuna pia "bis", ambalo kwao linabeba mpaka na kufikia kwa pamoja, kwa hiyo Mjerumani anakuandikia umpelekee ripoti mpaka Ijumaa, kana kwamba uendelee kumpelekea kila siku. Na kuna tarakimu: ishirini na nne wao wanaisema nne na ishirini. Bibi alipoanza kuandika namba za simu za Ireland kwa kusikiliza, zote zilikuwa zinageuka.

Lakini lipo kosa moja ambalo nilikuwa upande wao. "I live here since 1974," anasema Mzee, na Kiingereza kinadai "I have lived". Kijerumani kinasema naishi hapa tangu 1974, na Kiswahili kinasema hivyo hivyo. Niliwaeleza kanuni, lakini niliwaambia pia kwamba kwa lugha mbili kati ya tatu zilizoko mezani, Mzee amesema sawasawa. Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba Kiswahili changu kingekuwa na kazi pale. Kijerumani hakina ile sauti ya "th", hivyo "think" inakuwa "sink" na "this" inakuwa "zis". Nilijaribu kuwaonyesha ulimi ulipo kati ya meno, wakaona haya; mtu mzima hapendi kutoa ulimi mbele ya watu. Siku moja nikaacha Kiingereza kabisa, nikawapa maneno ya kwetu: thelathini, themanini, thamani. Na kwa ile nzito: dhahabu, dhambi, fedha. Kwa kuwa hawakuwa na kumbukumbu ya kuyakosea, waliyatamka bila woga. Thelathini na tatu, thelathini na tatu, chumba kizima. Mzee, ambaye tangu aanze alikuwa anasema "sirty-sree", akaruka kutoka thelathini na tatu mpaka "thirty-three" akanyamaza, akatutazama. Mimi ninayetoka pwani, ambako mtu akisema "selasini" watoto wanamgeukia, sikuwahi kufikiri kwamba herufi hizo mbili zingenifaa Leipzig. Nao wakanisaidia kwa upande wangu: bado nina tabia ya kubandika irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza nikichoka, wakati wao wanayakata mwisho wake mpaka "dog" inakuwa "dok". Mwalimu alisema tukikutana katikati tutakuwa na Mwingereza mmoja kamili.

Salamu zilihitaji kazi ya aina nyingine. Ukimuuliza Mjerumani wa makamo "how are you", anaamini umeuliza. Anatafakari, anakueleza goti. Wakilalamika kwamba Waingereza ni waongo, wanauliza hali kisha hawangoji jibu, niliwaeleza hujambo na sijambo: kwamba kwetu hata mgonjwa kitandani anajibu sijambo kwanza, nzuri, salama, kisha baada ya salamu zote ndipo anasema, ila sasa, mguu huu. Salamu ni mlango. Habari ziko ndani. Walielewa papo hapo. Pengine kwa sababu haikuja kama kanuni ya Kiingereza.

Kuhusu mada, nilipoteza miezi nikileta habari za magazetini. Watu wanaona aibu kutoa maoni ya kitoto kuhusu mambo makubwa. Tulipobadili, kila mtu alete kitu kimoja kutoka nyumbani na akieleze, ndipo vinywa vikafunguka. Kijiko. Ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Sare ya shule. Bibi alileta mkasi wa kiwandani na akaongea dakika kumi na tano bila kugusa pochi.

Mzee alileta mshumaa, kipande kifupi cheupe kilichoungua nusu. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao watu wa Leipzig wanakumbuka maandamano ya 1989 dhidi ya serikali ya Ujerumani Mashariki. Hakuwa na wakati uliopita katika Kiingereza chake, ule wa "went" na "saw" haukuwa umemkaa, kwa hiyo alisimulia yote kwa wakati uliopo. Ni tarehe 9 Oktoba 1989, alisema. Ni Jumatatu. Watu wanatoka kanisa la Nikolaikirche, na wengine wengi wako nje. Wote wanasema kuna damu zaidi katika hospitali leo, wameandaa damu. Mke wangu anasema usiende. Ninakwenda. Tunatembea barabara ya kuzunguka mji, tuko elfu sabini, lakini hatujui kama ni elfu sabini, najua tu kwamba mbele ni watu na nyuma ni watu. Tunapita jengo la polisi wa siri. Mshumaa unahitaji mikono miwili, huu wa kushika na huu wa kuzuia upepo, kwa hiyo hakuna mkono wa kushika jiwe. Ninaogopa. Hakuna anayepiga risasi. Ninarudi nyumbani, mke wangu hajalala.

Aliposema "nobody shoots" sauti ilimkatika. Karatasi yangu ilikuwa tupu siku ile, na robo saa ya makosa haikuwepo. Nikifikiria kwamba ningeweza kumsimamisha kwenye "I go" nikamwambia "I went", mwili unanisisimka. Wakati ule uliopo ulikuwa sahihi. Alikuwa bado yumo barabarani.

Baada ya Mzee ikaja zamu yangu, na mimi nilileta maneno mawili. Shule, nikawaambia, tumelitoa kwenu, ni "Schule". Na hela, tunayosema kila siku sokoni, ni "Heller", sarafu ya wakati wa utawala wa Wajerumani kwetu. Walitabasamu kwanza, kisha wakaacha. Mwalimu akauliza tulivyopata maneno hayo. Nikawaeleza kwa Kiingereza chepesi nilichoweza: Afrika Mashariki ya Kijerumani, kodi, mashamba, Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907 na njaa iliyofuata kusini baada ya vyakula kuchomwa. Hawakuwa wamefundishwa hayo, au walifundishwa kwa ufupi sana. Mzee hakusema chochote mpaka nilipotaja reli inayotoka kwetu Tanga, iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Mombo 1905. Hapo aliinua kichwa. Upana wa njia? Mita moja, nikasema. Akaandika. Wiki iliyofuata alirudi na maswali mawili, na la pili lilikuwa: nani alibeba mataruma? Mtu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote ndiye anayeuliza swali hilo. Tuliliongea jioni nzima, na nadhani ndiyo jioni ambayo mimi mwenyewe niliacha kuwa mtoa huduma pale, nikawa mmoja wao.

Tulipofika kumi na moja, mmoja wetu alikuja na rasimu ya katiba. Kwa sheria ya hapa watu saba wanatosha kusajili chama, na Mjerumani akiona kitu kinakwenda vizuri anataka kukisajili: mwenyekiti, mhazini, kumbukumbu za mkutano. Alikuwa na nia njema, na alikuwa na hoja, kwamba chama kinaweza kuomba fedha. Nilikataa, na nilikataa kwa ukali kuliko ilivyohitajika. Nilihofia kwamba chumba kikipata mwenyekiti kitapata na mtihani. Bibi ndiye aliyeamua, kwa kuuliza kama mwanachama asiyekuja wiki tatu atahitaji kuandika barua. Rasimu ikarudi mfukoni.

Machi 2020 mikutano ikapigwa marufuku. Tulijaribu simu za video. Wawili tu waliweza, wengine walikuwa wanaona paji langu la uso na kusikia mwangwi. Masharti yalipolegezwa majira ya joto, tukaanza kutembea wawili wawili katika bustani ya Clara-Zetkin-Park, mita moja na nusu kati yetu. Nilipangwa na Mwalimu. Yeye alikuwa anaongoza kwa kunyamaza, miaka yote ile. Alifundisha Kirusi mpaka muungano ulipofika na wazazi wakataka watoto wao wasome Kiingereza. Madarasa yake yakayeyuka, akatakiwa ajifunze Kiingereza haraka akifundishe, akashindwa mbele ya wanafunzi waliokuwa wanajua zaidi kutokana na televisheni. Haya aliniambia tukitembea, akitazama mbele, kwa Kiingereza. Tukiwa mezani asingeyasema kamwe. Mtu akitembea hatazamwi mdomo. Tangu hapo, hata chumba kilipofunguliwa, Jumatano moja ya kila mwezi tunatembea, mvua ikiruhusu.

Mwaka juzi mjukuu wa Bibi alikuja likizo na mama yake, mrefu sasa, mwenye maneno mengi. Bibi akamleta kikundini. Mtoto alikaa kati ya Mzee na Mwalimu akala keki vipande viwili, na Bibi akaanza kueleza wenzake walivyokwenda pamoja mtoni asubuhi ile, na bata waliowaona, na jinsi mtoto alivyopoteza kiatu. Katikati ya sentensi akasema "he lose his shoe", na mtoto, kwa wema tu, akasema, "Lost, Granny."

Bibi akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto. "Wait," akamwambia. "First I finish."

Mtoto akangoja.